Kadi ya Toroli: Aliyeandika Nimempata, Waliosukuma Je?

Nimekuwa kimya hapa kwa karibu mwezi mzima, na wale waliozoea kusoma habari za programu huria watanisamehe, maana leo naandika historia. Lakini msikimbie. Kompyuta imo, na makosa ya kompyuta yamo pia.

Yote yalianza na kadi ya posta. Niliinunua Mji wa Kale, Mombasa, kwa mzee mmoja anayeuza vitu vya kale: birika, kufuli, sarafu, na sanduku la viatu lililojaa kadi za zamani. Tulivutana bei kidogo, nikalipa shilingi mia tatu, nikaondoka nayo.

Upande wa mbele ni picha ya toroli. Kwa wasiojua, toroli lilikuwa kigari kidogo kilichopita juu ya reli nyembamba katikati ya mji wa Mombasa. Halikuwa na injini wala farasi. Mtu alikaa kwenye kiti chini ya kipaa cha turubai, na wanaume wawili walisukuma kwa nyuma wakikimbia. Reli zenyewe zina kisa chake. Mwaka 1890 kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala pwani, IBEA, ilianza kujenga reli ya kwenda bara. Ikajenga maili saba hivi, pesa zikaisha. Reli ya maana ilikuja kuanza 1896, tena kwa upana mwingine, na zile nyembamba za mwanzo zikaishia kwenye kisiwa kubeba wakubwa kutoka upande wa Mji wa Kale hadi Kilindini.

Kwenye kadi yangu aliyekaa ni Mzungu mwenye kofia ya jua. Nyuma yake wamesimama wasukumaji wawili wenye nguo nyeupe. Mmoja ni mzee mwenye ndevu za mvi. Mwingine ni kijana mwenye sharubu changa, ameitazama kamera moja kwa moja.

Sasa mtaelewa kwa nini nililipa mia tatu. Marehemu babu yangu alikuwa akituambia kwamba baba yake alisukuma toroli Kilindini alipokuwa kijana. Nilipomwona yule mwenye sharubu, moyo ulinidunda. Nikajiambia: je, akiwa ndiye?

Basi nikafanya kile ninachofanya kazini programu ikikorofisha. Usikisie, kusanya ushahidi kwanza.

Jambo la kwanza ni kugeuza kadi. Watu hutazama picha, lakini habari iko nyuma. Kadi ya posta ilianza Austria-Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869, na kwa miaka mingi upande wa nyuma ulikuwa wa anwani tu. Ukitaka kusalimia uliandika pembeni mwa picha. Uingereza ndiyo iliyoruhusu mwaka 1902 nyuma igawanywe kwa mstari, kushoto ujumbe, kulia anwani. Ujerumani ikafuata 1905 na Marekani 1907. Yangu ina mstari.

Pili, stempu. Ni ya Himaya za Afrika Mashariki na Uganda, ina kichwa cha Mfalme Edward VII, na bei yake ni ya senti. Hapo kuna mipaka miwili. Stempu za mwanzo za himaya hizo, za 1903, zilikuwa za ana na rupia, na za senti zikaja 1907. Edward alifariki tarehe 6 Mei 1910, na stempu za mwanawe George V zikatoka 1912. Kwa hiyo kadi yangu ilitumwa kati ya 1907 na 1912 hivi. Muhuri wa posta unasema Mombasa na mwezi wa Mei, lakini wino umevuja pale penye mwaka.

Tatu, ujumbe. Ni mfupi, kwa Kiingereza, kijana anamwandikia mama yake. Anasema ni mzima, joto ni kali, na watu wote mjini wako katika maombolezo ya Mfalme. Hapo nikapiga makofi peke yangu chumbani. Mei, maombolezo ya Mfalme, stempu ya Edward: ni Mei 1910, hakuna mwezi mwingine unaokubali.

Na angalieni jambo hili, watu wa mtandao. Mombasa ilikuwa imeunganishwa na Zanzibar kwa waya wa simu uliopita chini ya bahari tangu 1890, na Zanzibar nayo na Aden tangu 1879. Habari za kifo cha mfalme zilipita kwenye waya huo, huku barua ya kijana kwa mama yake ikisubiri meli. Sisi tulipofurahia nyaya za SEACOM na TEAMS mwaka 2009 tulidhani ni mara ya kwanza Mombasa kuwa mlango wa mawasiliano. Kumbe ilikuwa zamu ya pili.

Mwishoni mwa ujumbe kuna mstari ulionikwaza. Anamwambia mama yake kwamba aliyekaa kwenye picha siye yeye, lakini hivyo ndivyo anavyokwenda kazini kila asubuhi, na kwamba "maboi" wawili husukuma. Maboi! Mmoja wao ana ndevu za mvi.

Haya, tukaanza na mwandishi. Sitamtaja jina, maana ukoo wake upo na hawajanipa ruhusa. Kadi ina jina la kwanza tu la kijana, pamoja na jina la mama, mtaa na nambari ya nyumba katika mji mmoja wa kusini mwa Uingereza.

Jioni ya kwanza niliingia kwenye sensa ya Uingereza ya tarehe 2 Aprili 1911. Sensa hizo hufungwa miaka mia, ingawa hii ilianza kufunguliwa mapema kidogo, 2009. Ni sensa tamu kwa mpelelezi, kwa sababu ndiyo ya kwanza ambayo fomu zilizojazwa na wenye nyumba kwa mkono wao zilihifadhiwa. Pia iliwauliza wanawake walioolewa wamezaa watoto wangapi, wangapi wako hai, wangapi wamekufa. Nilitafuta kwa anwani badala ya jina. Mama akatokea, mtaa uleule, nyumba ileile. Nikarudi kwenye sensa ya 1901, na kijana akawa pale mezani na ndugu zake, mwanafunzi.

Jioni ya pili nilifungua gazeti rasmi la serikali la himaya yetu, lile ambalo leo ni Kenya Gazette. Lilianza 1899, na matoleo yake ya zamani yameskaniwa na yanasomeka bure kwenye Google Books. Humo wameandikwa wafanyakazi wa serikali, nani ameajiriwa, nani amekwenda likizo, nani amefariki bila wosia. Jina lake likatokea mara tatu.

Jioni ya tatu sikutaka kuendelea, kwa sababu nilishaanza kuhisi mwisho wake. Nikaandika jina lake kwenye orodha ya tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita. Alifariki 1916, kwenye vita vya Waingereza na Wajerumani vilivyopiganwa huku kwetu. Ana kaburi lake na jiwe lake. Na kwenye maelezo ya ziada, ambapo huandikwa wazazi, kuna mtaa uleule ulio nyuma ya kadi yangu.

Jioni tatu, sikutoka chumbani. Kiingilio cha tovuti, umeme, na chai.

Sasa zamu ya wasukumaji.

Picha yenyewe haina jina lao. Maandishi yaliyochapwa mbele yanataja toroli na Mombasa, basi. Kadi nyingi za enzi hizo zilitolewa na maduka ya wapiga picha wa pwani, wakiwemo Wagoa kama akina Gomes na Coutinho. Mpiga picha alikuwa na jina, tena alilitangaza. Kofia ya jua nayo huenda ikapatikana siku moja. Kigari kina jina. Waliokifanya kitembee hawana.

Basi nikageuza njia. Badala ya kuanza na picha, nianze na baba wa babu yangu, niteremke hadi 1910. Kwa heshima ya ukoo sitaandika jina lake halisi, tumwite Hamisi. Nikaandika Hamisi kwenye tovuti kubwa za nasaba na kwenye nyaraka nilizopakua. Sikupata kitu. Na hapa ndipo kompyuta inapoingia lawamani.

Tovuti nyingi za nasaba zinapotafuta jina hutumia mbinu inayoitwa Soundex, au watoto wake. Hataza yake ya kwanza ilitolewa Marekani mwaka 1918, kabla hata ya kompyuta, na miaka ya 1930 Wamarekani waliitumia kupanga faharasa za sensa zao za zamani. Wazo ni rahisi. Herufi ya kwanza ya jina inabaki ilivyo. Irabu hutupwa, pamoja na h, w na y. Konsonanti zinazobaki hupewa tarakimu:

b, f, p, v = 1
c, g, j, k, q, s, x, z = 2
d, t = 3
l = 4
m, n = 5
r = 6

Unachukua tarakimu tatu, zikipungua unajaza sifuri. Majina yanayosikika sawa yanatarajiwa kupata namba moja. Kwa majina ya Kiingereza inafanya kazi si haba. Sasa jaribu ya kwetu:

Hamisi = H520
Khamis = K520
Amisi = A520

Ni mtu yuleyule! Karani wa Kiingereza aliandika alivyosikia, karani wa Kigoa alivyosikia yeye, na mwalimu wa madrasa kwa herufi za Kiarabu. Lakini kwa Soundex ni watu watatu wasiojuana, kwa sababu herufi ya kwanza haiguswi. Ramadhani ni R535, Ramazani ni R525. Halafu geuza upande wa pili: Wanjiku na Wangechi wote ni W522. Mama zetu wa Nyeri watacheka wakisikia kwamba mashine inawaona mtu mmoja.

Nikaandika programu ndogo, mistari arobaini hivi, inayosafisha majina kwanza kabla ya kulinganisha. Kh inakuwa h, h ya mwanzo inaondolewa, dh na z zinakuwa kitu kimoja, irabu ya mwisho inakatwa. Nikaipitisha kwenye kurasa za Gazeti la kuanzia 1905 hadi 1920. Safari hii nikapata akina Hamisi wengi, bin huyu na bin yule. Furaha ikadumu kama nusu saa. Nilipowasoma mmoja mmoja niliona wote ni watu wenye shamba, nyumba, mirathi au kesi. Kusukuma toroli hakukuingizi kwenye Gazeti.

Yaani kosa la Soundex lilirekebishika. Lililobaki halikuwa kosa la programu. Data haipo.

Fikiria vyanzo vyenyewe. Sensa ya kwanza ya Kenya kuhesabu Waafrika pamoja na wengine wote ilikuwa ya 1948. Zile za 1911, 1921, 1926 na 1931 ziliwahesabu wasio Waafrika. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ni ya 1928, na kwa Waafrika ililazimishwa hatua kwa hatua, wilaya baada ya wilaya, hadi baada ya uhuru. Kilichomwandika Mwafrika mmoja mmoja ni kipande. Sheria yake ilipitishwa 1915 na ikaanza kutumika vita vilipokwisha. Kila mwanamume aliyezidi miaka kumi na sita alibeba karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara, ndani ya kikebe cha chuma shingoni. Ni rekodi nzuri sana kwa mpelelezi wa nasaba, ila haikutengenezwa ili watu wakumbukwe. Ilitengenezwa ili wasitoroke kazini. Na wanawake hawakuwa ndani yake kabisa.

Upande mmoja mama aliulizwa na serikali amezaa watoto wangapi na amezika wangapi. Upande wa pili hakuna aliyeuliza.

Ilibaki hifadhi moja ambayo haijaskaniwa. Bibi yangu, dada mdogo wa babu, anakaribia miaka tisini na anaishi Likoni. Jumamosi nikapanda feri na kadi yangu ndani ya bahasha.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Leo kompyuta imekufukuza?"

Nikampa kadi. Akaivuta karibu na macho, akaisogeza mbali, akaipeleka mlangoni penye mwanga. Nikamwonyesha yule kijana. Akamtazama kwa muda.

"Huyu mimi simjui," akasema. "Baba nilimjua mtu mzima, ana mvi. Wamuuliza nani uso wake wa ujana?"

Sikuwa nimefikiria hilo hata kidogo. Nikauliza swali la mpelelezi: babu mkubwa alizaliwa mwaka gani? Akacheka. Mwaka hajui. Lakini mama yake alikuwa akisema alimzaa wakati wa vita vya Mbaruku, wakiwa wamekimbilia msituni.

Nikaandika haraka. Vita vya Mbaruku bin Rashid, yule Mazrui wa Gazi aliyepigana na Waingereza, ni vya 1895 hadi 1896. Bibi hajui tarakimu ya mwaka lakini amenipa tarehe ambayo inakubaliana na vitabu, na yenye mpaka mwembamba kuliko stempu yangu.

Akaendelea mwenyewe bila kuulizwa. Akataja baba wa baba, na baba wa huyo, na wake zao, na nani alitoka Kwale akahamia kisiwani na kwa sababu gani. Nikawasha simu irekodi. Akafika kwa kaka mkubwa wa Hamisi. Huyo, akasema, alichukuliwa na Kariakoo, wakati wa vita vya Wajerumani, akabebe mizigo. Hakurudi. Hakuna aliyeleta habari. Mama yake alikuwa akimwekea chakula miaka mingi baada ya vita.

Nilirudi na feri ya jioni nikiwa kimya. Vita vilevile. Yule wa kadi ana jiwe, na mtaa wa mama yake umeandikwa. Sanamu za askari na wapagazi zilizowekwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam hazina jina hata moja. Mwaka 2021 tume ile ya makaburi ilitoa ripoti yake yenyewe ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Nilikuwa nimeisoma takwimu hiyo zamani. Siku hiyo ndiyo niliyojua kwamba mmoja wao aliwekewa chakula Likoni.

Na yule kijana mwenye sharubu? Wiki iliyofuata nikapata jibu, kutoka pale nisipotarajia. Nilikuwa nikipekua tovuti ya mnada ya nje nikaona picha ileile, Mzungu yuleyule, mzee yuleyule, kijana yuleyule. Kadi nyingine ya uchapaji uleule. Lakini hii ilikuwa na stempu ya ana, na muhuri wake umesomeka vizuri: 1906. Maana yake picha ilipigwa mwaka huo au kabla yake. Hamisi aliyezaliwa wakati wa vita vya Mbaruku angekuwa mtoto wa miaka kumi au kumi na moja. Kijana huyu ana sharubu.

Siye.

Nakiri niliumia. Ningeweza kufunga ukurasa ule nikaendelea kuwaambia watu nyumbani kwamba huyu ni babu mkubwa, na nani angenipinga? Lakini nilitumia ushahidi kumpata Mwingereza, siwezi kuuacha unapofika kwetu.

Kwa hiyo nilichobaki nacho ni sauti ya bibi, saa mbili na nusu. Nimeanza kuiingiza kwenye kompyuta, na hapo pia nikagonga ukuta. Faili za nasaba huhifadhiwa kwa muundo wa GEDCOM, uliotolewa na kanisa la Wamormoni wa Marekani mwaka 1984, na muundo huo umejengwa kwa watu wenye jina la ukoo lisilobadilika, huwekwa katikati ya mistari miwili ya mshazari. Kwetu baba ni Juma bin Hamisi, mwanawe ni Hamisi bin Juma, mjukuu ni Juma tena. Ukilazimisha, programu inawaweka ndugu wa damu kwenye koo mbili tofauti kila kizazi. Nikaamua kutengeneza hifadhidata yangu mwenyewe: mtu, mama, baba, majina yote aliyoitwa, na tukio la wakati wake badala ya mwaka pale mwaka usipojulikana. "Vita vya Mbaruku" ni tarehe halali kwenye mfumo wangu.

Ushauri wangu kwa wanaotaka kujaribu ni mfupi. Skani kadi au picha pande zote mbili. Soma stempu na muhuri kabla ya kutazama sura. Tafuta kwa anwani, si kwa jina peke yake. Kwa majina ya kwetu usiamini kisanduku cha kutafutia, andika kila namna ambayo karani angeweza kusikia. Kama familia ni ya Waislamu wa pwani, ulizia vitabu vya ndoa, maana sheria ya kuviandika ni ya 1906, nami huko ndiko ninakoelekea. Lakini kabla ya hayo yote panda feri, au matatu, umwone aliye mzee kuliko wote kwenu. Sensa itangoja.

Jambo moja la mwisho. Kwenye hifadhidata yangu, kama mnavyofanya wengi, nilikuwa nimeweka sharti kwamba safu ya jina haiwezi kuachwa tupu. Bibi alipoirudisha kadi aliniuliza, "Na hawa wawili ni wa kina nani?" Nikamwambia sijui. Akasema basi niwaweke, mwenyewe atakuja kuwachukua.

Jana usiku niliondoa lile sharti nikaongeza rekodi mbili. Mombasa, kabla ya mwisho wa 1906, wasukumaji wa toroli, mmoja mzee, mmoja kijana. Jina: tupu.